Je, Wajua? Kwa nini paka hana mwaka China

Watoto wa China husimuliwa kwamba Mfalme wa Mbinguni aliwaita wanyama washindane kuvuka mto. 12 wa kwanza wangepewa kila mmoja mwaka wenye jina lake. Panya alidandia mgongo wa ng'ombe, na walipokaribia ng'ambo akaruka mbele, akawa wa kwanza! Joka, japo hupaa angani, alikuwa wa tano, kwa kuwa alisimama njiani kuwateremshia watu mvua. Paka je? Inasimuliwa kwamba panya aliahidi kumwamsha, asimwamshe.

Ukiwasimulia wadogo, nyamaza kidogo kabla panya hajaruka. Watapiga kelele wenyewe kumtaja mshindi, na hiyo ndiyo raha ya hadithi hii. Wakimwonea paka huruma, waambie kwamba huko Vietnam anao mwaka wake, badala ya sungura.