Mabibi Wawili, Homa Moja

Hadithi, hadithi! Hadithi njoo. Sogeeni, wajukuu zangu. Ya leo haina sungura wala fisi. Ina mabibi wawili niliowatunga mwenyewe, lakini yaliyowapata huwapata wazee wa kweli kila siku, na ndiyo maana nataka myasikie mkiwa bado wadogo.

Mabibi hao waliishi Machame, wilayani Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani, vilipakana. Walizaliwa mwaka mmoja, wakaolewa msimu mmoja, na wakati wa hadithi hii wote walikuwa na miaka 76. Masika ya mwaka huo yalikuja na baridi kali, wote wawili wakashikwa na homa ya mapafu. Walilazwa wodi moja, wakapewa dawa zile zile, wakaruhusiwa siku moja. Baada ya wiki tatu bibi wa kwanza alikuwa kihambani akipunguza majani ya migomba. Wa pili alirudi nyumbani hawezi kwenda chooni bila kushikwa mkono. Siku moja alijaribu peke yake, akaanguka mlangoni, akavunjika nyonga. Kabla ya Krismasi alizikwa.

Msibani watu walisema, "Ni uzee tu." Ninyi mlioshika hesabu mnajua jibu hilo halitoshi. Umri wao ulikuwa mmoja. Homa ilikuwa moja. Kwa nini mmoja aliinuka na mwenzake hakuinuka?

Mwili wa binadamu una akiba, kama mtungi wa maji uliopo jikoni. Mtungi ukijaa, hata wageni wakija ghafla wakanywa, bado yanabaki ya kupikia. Ukiwa umebaki na maji ya chini kabisa, mgeni mmoja mwenye kiu anaumaliza. Akiba ya mwili iko kwenye misuli, moyo, mapafu, figo, mifupa na kinga dhidi ya magonjwa. Kijana akipata homa hutumia sehemu ya akiba hiyo, akipona anairudisha. Mzee ambaye akiba yake imepungua kila mahali anaonekana mzima siku za kawaida, anapika chai, anasalimia wapita njia, kisha homa ndogo au kuharisha kwa siku mbili kunamwangusha. Hali hiyo madaktari wanaiita udhaifu wa uzeeni. Haumpati kila mzee, na wala hauanzi siku ya kuugua. Bibi wetu wa pili alikuwa ameanza kudhoofika miaka mitatu kabla ya homa, na hakuna aliyeona.

Dalili zilikuwepo. Mwaka 2001, daktari wa Marekani aitwaye Linda Fried na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wazee zaidi ya 5,000, wote wenye miaka 65 na kuendelea. Walitafuta mambo matano, na hayo matano hata mtoto anaweza kuyaona akiwa na macho ya upendo. La kwanza ni kukonda bila kukusudia, kiasi cha kilo nne na nusu ndani ya mwaka mmoja. Nyumbani hamtaona kilo, mtaona kanga inazunguka kiuno mara nyingi kuliko zamani. La pili ni uchovu: siku tatu au zaidi katika wiki mzee anahisi kila anachofanya ni kazi kubwa. La tatu ni kiganja kuishiwa nguvu. Wao walipima kwa kifaa cha kubana. Ninyi mtaona bibi anashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai aliyokuwa akiifungua mwaka jana. La nne ni mwendo kuwa wa polepole. Walipima umbali mfupi tu, kama mita nne na nusu, maana hapo tayari tofauti inaonekana. Na la tano ni kuacha shughuli, kushinda amekaa.

Mwenye mambo matatu au zaidi walimhesabu kuwa dhaifu. Mwenye moja au mawili yuko njiani kuelekea huko. Katika kundi lile la Marekani, kama watu saba kati ya kila mia walikuwa tayari dhaifu, na miaka iliyofuata hao ndio walioanguka zaidi, wakalazwa zaidi, wakafariki mapema zaidi. Mimi hushikilia sana hao wa "njiani", kwa sababu ni rahisi kuwarudisha.

Sikuichagua Hai bure. Watafiti wa Tanzania na wa Uingereza wamefanya kazi huko kwa miaka mingi pamoja na wazee wa vijijini. Waliona kwamba vipimo vya Ulaya na Marekani havikai vizuri mahali ambapo wazee wengi hawakusoma shule na daktari bingwa wa wazee ni nadra, wakaunda kipimo kifupi kwa ajili ya Tanzania. Mnapokuja likizo Kilimanjaro na kuwaona wazee wamekaa barazani, jueni kwamba wazee kama hao wamewafundisha madaktari.

Sasa turudi kwa bibi wa pili, tuone nini kilimpunguzia akiba. Hapa, wajukuu, itabidi mniwie radhi, kwa maana sehemu hii inauma. Kilichoanza kumdhoofisha kilikuwa mapenzi.

Zamani alikuwa na ng'ombe wa ndani. Kila asubuhi alishuka bondeni kukata majani, akapanda nayo kichwani. Watoto wake walikuwa Dar es Salaam na Arusha, nao walimpenda sana. Wakasema, "Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa pumzika." Ng'ombe akauzwa. Akaletwa dada wa kazi wa kupika na kufua. Wajukuu wakifika Desemba, bibi akiinuka tu wanamwambia, "Bibi kaa, tunakuletea." Kila mmoja alifanya kwa heshima, kama tulivyolelewa. Na kila walipomketisha, misuli ya mapaja yake ilipungua kidogo.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wazee wenye afya njema, wastani wa miaka 67, walikubali kukaa kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipewa. Siku zilipokwisha, kila mmoja kwa wastani alikuwa amepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku 10! Msuli usiotumika mwili hauutunzi, na kwa mzee unaondoka haraka kuliko unavyorudi. Jirani yake, yule bibi wa kwanza, aliendelea na kihamba chake, akipalilia, akienda jumuiya kwa miguu, akipanda na kushuka kama desturi. Homa ilipokuja ilimkuta na miguu.

Kulikuwa na mengine. Bibi wa pili alikula peke yake, na anayekula peke yake mara nyingi hapiki. Chai na ndizi asubuhi, chai na mkate jioni. Meno ya nyuma yalikuwa yameng'oka, kwa hiyo nyama aliiacha, na maziwa yaliondoka pamoja na ng'ombe. Maharage, mayai, dagaa, maziwa, hivyo ndivyo vinavyojenga msuli, na mzee anavihitaji kama mtoto anayekua. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi, lakini hakuna aliyempeleka, akaacha kutembea jioni kwa kuogopa mawe. Alikuwa na dawa za shinikizo la damu, za magoti na za usingizi, kila moja kutoka kwa daktari tofauti, na hakuna aliyezitandaza zote mezani siku moja na kuuliza kama ndizo zinazompa kizunguzungu. Tangu mumewe afariki alikuwa ameacha kwaya. Upweke na huzuni ya muda mrefu huwadhoofisha wazee kweli, nao huzuia miguu kutoka nje.

Na umaskini? Yeye alikuwa na watoto wa kumtumia pesa. Wengi hawana, na wasio na kitu hudhoofika mapema kuliko wenye nacho. Wanawake pia hudhoofika zaidi kuliko wanaume, ingawa huishi miaka mingi zaidi. Ndiyo maana naipenda habari ya Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kuna Pensheni Jamii kwa wakazi waliofikisha miaka 70, hata kama maisha yao yote walikuwa wakulima au wavuvi. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni pesa kidogo, lakini inanunua mayai na dagaa, na mzee anayevinunua mwenyewe anatembea hadi sokoni.

Sasa nawapa habari ya furaha, na hii si ya kutunga. Mjini Boston, mwaka 1990, daktari Maria Fiatarone aliwaendea wazee 10 waliokuwa wakitunzwa katika makazi ya wazee. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 90. Wengine walitembelea mkongojo. Akawapa uzito wa kunyanyua kwa miguu, na si uzito wa mchezo, akauongeza kadiri walivyoweza. Watu waliogopa watavunjika. Baada ya wiki nane, tisa waliomaliza walikuwa na nguvu za miguu zaidi ya mara mbili na nusu ya zile walizoanza nazo, na wawili wakaacha mikongojo. Kisha mazoezi yakasimamishwa kwa wiki nne, na karibu theluthi moja ya nguvu zile ikapotea. Mwaka 1994 akachapisha utafiti wa wazee 100, akaonyesha kwamba kinywaji cha kujenga mwili bila mazoezi hakikuwaongezea nguvu. Lazima mwili ufanye kazi.

Na kama Boston ni mbali, tazameni Afrika Kusini. Mkoani Limpopo, mwanamke aitwaye Beka Ntsanwisi aliwakusanya mabibi akawafundisha mpira wa miguu. Timu yao inaitwa Vakhegula Vakhegula. Wanavaa jezi, wanapiga penalti, wanagombana na refa, na mwaka 2010 walisafiri hadi Marekani kucheza. Nikiwafikiria mabibi wale nashindwa kukaa kimya.

Basi ninyi mfanye nini? Msimrudishie bibi ndoo ya lita 20 kichwani mkisema mmesikia hadithi. Mzigo mzito na njia ya utelezi vinaweza kumvunja. Lakini acheni kumnyang'anya kila kitu. Akiinuka kuchukua kikombe, mwacheni achukue. Mwombeni mwende pamoja hadi kwa jirani, ninyi mkifuata mwendo wake. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujimudu kusimama siku tatu au zaidi kwa wiki, na zoezi la kwanza lipo sebuleni: kuinuka kitini na kukaa tena, mikono imekunjwa kifuani, kiti kimeegemea ukuta, nanyi mko pembeni. Madaktari hupima kwa saa muda wa kuinuka mara tano. Zikizidi sekunde 15, au akishindwa kabisa, mwambieni mama au baba ampeleke kituo cha afya. Mwenye ugonjwa wa moyo au maumivu aulize kwanza.

Wapo wazee ambao hakuna zoezi litakalowainua tena. Hao wanahitaji mtu wa kula naye na kitanda kikavu, na kuwapa hayo ni kazi kamili.

Na siku bibi yenu akilazwa hospitalini, mkiruhusiwa kumwona, msimpelekee maji na matunda peke yake. Mpelekeeni ndara zisizoteleza, na miwani yake. Kisha mmoja wenu amuulize muuguzi, kwa adabu, "Shikamoo. Bibi yetu ataruhusiwa kuinuka lini? Tunataka tumsaidie kutembea hadi dirishani."