Je, Wajua? Uchungu Ndani ya Maji

Je, wajua kwamba beseni la kujifungulia liliingia leba kwa ajili ya kutuliza maumivu, wala si ili mtoto azaliwe majini? Daktari Mfaransa Michel Odent aliliweka katika hospitali ya mji wa Pithiviers miaka ya 1970. Akina mama waliingia kupoza uchungu, wengine wakajifungulia humo humo. Mwaka 1983 aliripoti katika jarida la The Lancet watoto 100 waliozaliwa hivyo.

Je, wajua maji hayatakiwi kuzidi nyuzi joto 37.5? Nchini Uingereza mkunga hupima joto la maji na la mama kila saa. Mama akipata joto kupita kiasi, mtoto tumboni naye hupata, na mapigo ya moyo wake hupanda.

Kando ya beseni utakuta tochi, kioo na chujio. Kioo huzamishwa ili mkunga aone kichwa kinavyotokeza bila kumgeuzageuza mama. Chujio nalo? La kuopoa choo. Mama akisukuma, choo kidogo hutoka, na hakuna mkunga anayeshtuka.

Mtoto hazami? Akiwa bado chini ya maji, oksijeni humfikia kupitia kitovu. Anainuliwa taratibu, uso ukitangulia, na ukishagusa hewa harudishwi tena majini. Hapa papara ni hatari: kitovu kikivutwa ghafla huweza kukatika.

Je, wajua mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 15 zenye wanawake 3,663? Waliokaa majini njia ikiwa bado inafunguka walihitaji ganzi ya mgongoni kwa uchache kuliko wenzao. Tofauti yenyewe ni ndogo, kwa hiyo anayekuahidi uzazi usio na maumivu anakuuzia maneno.

Aliyechomwa sindano ya pethidini ya kutuliza maumivu husubiri angalau saa mbili kabla ya kuingia, asije akasinzia majini. Gesi ya kuvuta haina shida.

Madaktari bingwa wa uzazi wa Marekani wao hukubali uchungu majini kwa mimba iliyotimia isiyo na matatizo, ila hushauri mtoto azaliwe nchi kavu.

Mama mjamzito, uliza kliniki mapema kama hospitali yako ina beseni hilo. Kama halipo, bafu la nyumbani bila mkunga lisiwe mbadala wake.