Oili ya chenso: hesabu lita za petroli, si bei ya chupa

KALIUA – Anayeweka mtaji katika msumeno wa mnyororo, au chenso kama unavyoitwa mitaani, huhesabu bei ya mashine, kibali cha misitu na ujira wa mkataji. Oili huiacha mwisho, akachukua chupa yoyote iliyopo dukani. Hapo ndipo mitaji huungulia.

Chenso hutumia oili mbili. Ya kwanza ni 2T, inayochanganywa na petroli. Injini hii haina oili ya kumwaga chini kama ya bodaboda nyingi. Pistoni, ringi na beringi hulainishwa na mchanganyiko huo tu. Ukitia petroli tupu, pistoni itanata.

Sasa bei. Stihl, kwa mfano, wameagiza sehemu 1 ya oili yao kwa 50 za petroli, lakini 1 kwa 25 kwa 2T nyingine. Lita 5 za petroli zitataka mililita 100 za ile ya kwanza, au 200 za hii ya pili. Kwa hiyo chupa ya lita moja inayouzwa nusu ya bei haijakuokolea hata shilingi. Ikizidi nusu, umekula hasara, na masizi juu yake.

Kwenye lebo tafuta JASO FB, FC au FD. FD ndiyo ya juu kwa usafi. Rangi ya bluu au nyekundu si daraja, huonyesha tu kwamba petroli imechanganywa. Yenye TC-W3 waachie wenye boti wa Ziwa Tanganyika, hata kama imefika na treni ya Kigoma kwa bei nzuri. Ni ya injini zinazopozwa kwa maji. Chenso hupozwa kwa upepo na huchemka zaidi.

Oili ya pili ni ya mnyororo. Wengi hutia oili chafu ya gereji kwa kuwa ni karibu na bure. Ina chembe za chuma zinazokula pampu, na humrukia mkataji ambaye ngozi yake haina spea. Oili halisi ya mnyororo hunata, hairuki ovyo. Ikikosekana, afadhali SAE 30 mpya. Elekeza ncha kwenye kisiki cheupe, vuta mafuta: mstari wa oili usipoonekana, usiguse gogo la mninga. Jaza tangi hili kila unapojaza petroli.

Changanya petroli ya mwezi mmoja, isizidi.

Na kwa anayenunua chenso iliyotumika: kabla ya kutoa fedha, omba eksozi ifunguliwe, uchungulie pistoni. Mikwaruzo ya kushuka chini ni ya oili iliyobaniwa, na bei ishuke vilevile.