Mtungi wa Lyulilo na sabuni ya unga

Ndugu msikilizaji, mtu akitoka Mbeya au Dar es Salaam akafika Matema, ni nadra kurudi mikono mitupu. Siku ya Jumamosi ataelekezwa Lyulilo, kijiji jirani chini ya Milima ya Livingstone, ambako kuna soko la vyungu. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Kikisi wa Ikombe na sehemu za karibu, bila gurudumu la kuzungushia udongo, na huletwa sokoni kwa mitumbwi. Mgeni huchagua mtungi mmoja wa maji, akaufunga kwa kanga, akasafiri nao kwenye basi akiwa ameupakata kama mtoto mchanga. Akifika nyumbani jambo la kwanza ni kuuosha kwa sabuni ya unga, tena sabuni ya kutosha, maana mtungi umetoka mbali na vumbi lake. Kesho yake maji yana ladha ya sabuni. Wiki ya pili bado yana ladha ya sabuni. Lawama zote zinamwangukia mfinyanzi.

Mfinyanzi hana kosa. Mtungi wa udongo una vitundu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo, na yakifika nje hugeuka mvuke, na mvuke ule huondoka na joto. Ndiyo sababu maji ya mtungini huwa baridi bila umeme. Sasa vitundu vinavyopitisha maji hunywa na sabuni pia, kisha huirudisha kidogo kidogo katika kila kikombe. Chombo cha namna hii huoshwa kwa maji ya moto na dodoki. Kama ni chungu cha kupikia na kimeshika mafuta, tia jivu la kuni lililochekechwa, usugue, usuuze mara kadhaa, kisha ukianike juani. Aliyekwisha kuutia mtungi wake sabuni aulowanishe kwa maji safi na kuyabadilisha kila siku mpaka ladha iishe. Asikimbilie kutia jiki ili kuua harufu, kwani hiyo nayo itanyweka vile vile.

Nimeanza na mtungi kwa sababu unatuonyesha kwa ulimi jambo ambalo vyombo vingine hutuficha. Nyumba ya mjini siku hizi ina chupa ya sakafu, chupa ya choo, chupa ya vioo na chupa ya madoa, na aghalabu nyingi ya kazi hizo zingeweza kufanywa na vitu vilivyomo jikoni. Tatizo ni kwamba tumezoea kupima usafi kwa ukali wa harufu. Dawa isipotutoa machozi tunadhani haikufanya kazi.

Tulitazame jivu. Wengi wetu tulilelewa na bibi waliosugua masufuria kwa jivu na mchanga mpaka yakang'aa, na tukaamini ilikuwa shida tu ya kukosa sabuni. Lakini jivu la kuni lina chumvi za potasi, na chumvi hizo zikikutana na mafuta katika maji ya moto huanza kuyageuza kuwa sabuni. Kwa hiyo bibi yako alikuwa akitengeneza sabuni papo hapo juu ya sufuria, na chembe za jivu zilikuwa zinamsaidia kukwangua. Huko Afrika Magharibi elimu hiyo imefanywa biashara kubwa. Sabuni nyeusi, ambayo Wayoruba huiita ose dudu, hupikwa kwa jivu la maganda ya kakao au ya ndizi pamoja na mafuta ya michikichi, na sasa inauzwa kwa bei nzuri Ulaya na Marekani. Basi fikiria Kyela, wilaya inayoongoza kwa kakao nchini, yenye migomba na michikichi pia. Malighafi zote tatu ziko katika mashamba ya watu wale wale. Kwa maoni yangu hapo kuna kazi ya vijana inayosubiri mtu wa kuianza.

Hata hivyo, jivu si mchezo. Maji yaliyochujwa kwenye jivu jingi huteleza mkononi, na kuteleza huko ni ngozi yako yenyewe inayoanza kuliwa. Vaa glovu. Tena jivu liwe la kuni au mkaa safi, si la mbao zilizopakwa rangi wala la plastiki zilizochomwa.

Limau lina kazi nyingine kabisa. Asidi yake huyeyusha yale magamba meupe yanayoganda ndani ya birika, hasa katika miji inayotumia maji ya visima yenye chumvi. Chemsha maji na limau moja au mawili, acha yapoe, mwaga, suuza. Siki hufanya vivyo hivyo, na pia husafisha vioo ikichanganywa na maji. Ila usimwage limau wala siki kwenye sakafu ya terazo au marumaru, kwani asidi inayokula magamba ya birika itakula na sakafu. Magadi nayo huondoa mafuta na harufu, lakini huyafanya masufuria ya alumini kuwa meusi. Na wale wanaopenda kuchanganya siki na magadi ili kuona povu, povu hilo linapendeza macho tu. Asidi na magadi vimeuana, na kilichobaki ni maji yenye chumvi kidogo.

Kuna michanganyiko ambayo haiishii kwenye povu. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ni gesi ile ile ambayo tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, majeshi ya Ujerumani yaliifungulia ielekee kwenye mahandaki ya adui. Ndani ya choo kidogo kisicho na dirisha haihitaji kuwa nyingi ili kuyaumiza mapafu ya msichana wa kazi ambaye hakuna aliyemweleza lolote, aliyeambiwa tu kwamba choo king'ae. Hata limau na siki, hivi nilivyovisifu, havifai kuchanganywa na jiki hata kidogo. Matokeo ni yale yale.

Je, tuitupe jiki? La hasha. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini mwetu Agosti 2015, na ule wa Malawi ulioanza Machi 2022 na kuua zaidi ya watu 1,700, unatosha kutukumbusha. Palipo na matapishi au kinyesi cha mgonjwa, jivu na limau si mbadala wa klorini. Tumia klorini kwa kipimo kilichoandikwa au kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, peke yake, madirisha yakiwa wazi. Ninachokataa ni kuifanya chupa ya dharura kuwa ya kila asubuhi.

Kwa watu wa mwambao kuna jambo la ziada. Ziwa Nyasa lina kina cha takribani mita 700, na mto mmoja tu, Shire, ndio unaoyatoa maji yake. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi sabuni. Tunachomwaga Matema hakina haraka ya kuondoka, na ziwa hilo lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Kwa hiyo hata jivu lisimwagwe ziwani. Vyombo vioshwe mbali na ufuko, na maji machafu yamwagwe ardhini, ambako udongo utayachuja kwanza.

Jambo la mwisho, ndugu msikilizaji, linahusu chupa. Dawa za kusafishia hupimwa mitaani na kutiwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa, bila maandishi yoyote. Mtoto akiwa na kiu haulizi. Ukinunua dawa ya namna hiyo, iandike chupa kwa kalamu isiyofutika na uiweke juu kabisa, si chini ya beseni. Na ikitokea mtoto amekunywa kostiki soda au dawa ya choo, usimtapishe, kwani kilichomwunguza kikishuka kitamwunguza tena kikipanda. Msukutue mdomo kwa maji, mkimbize hospitali, na chukua na chupa yenyewe ili daktari aione.