Jina Kabla ya Namba ya Siri

Tarakimu ya mwisho kwenye kadi ya benki haikuwekwa kiholela. Hutokana na hesabu inayofanywa kwa tarakimu zilizotangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake Marekani mwaka 1960. Ukikosea tarakimu moja unaponunua kitu mtandaoni, hesabu hugoma, na programu inaweza kukukatalia hapohapo kabla hata haijaiuliza benki.

Namba ya simu haina kinga hiyo. Ukibonyeza 7 badala ya 4, mara nyingi unaangukia kwenye namba halali ya mtu mwingine. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007, huduma za pesa kwa simu zimeishi na tatizo hili, kwa sababu zinategemea namba zilizopangwa kwa ajili ya maongezi. Ukikosea kupiga simu, unaomba radhi na kukata. Ukikosea kutuma laki moja, radhi hairudishi pesa hizo.

Wabunifu wengi wa programu hukimbilia kuuliza: "Je, una uhakika?" Swali hilo halisaidii sana. Donald Norman, mtaalamu wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba makosa ya watumiaji ni ya aina mbili. Kuna anayeelewa jambo vibaya tangu mwanzo, na kuna anayejua vizuri anachotaka ila kidole kinateleza. Huyu wa pili ana uhakika kabisa, hivyo ukimuuliza atajibu ndiyo. Hata ukimwonyesha tena namba ileile, atasoma alichokusudia kuandika.

Dawa ni kumwonyesha kitu anachokijua yeye. Ni wachache wanaokumbuka kwa kichwa namba ya shemeji yao, lakini jina lake wanalijua. Ndiyo sababu Safaricom, kampuni yenye M-Pesa ya Kenya, ilileta Hakikisha, inayoonyesha jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, na huduma za Tanzania huonyesha jina hilo kabla ya kuomba namba ya siri. Mpangilio huo una uzito wake: jina likija baada ya pesa kuondoka, linakuwa taarifa ya hasara tu.

Hata hivyo, suluhisho hilo lina gharama. Anayeanza muamala kwa namba asiyoijua anaweza kupata jina la mwenye namba, kisha akaghairi bila kutuma hata senti. Menyu za nyota na reli nazo hukatika mtumiaji akichelewa, kwa hiyo anayesoma polepole anaharakishwa pale pale anapotakiwa kutulia.

Kwenye malipo ya dukani kuna kasoro nyingine. Unalipia bidhaa, na muuzaji anakutahadharisha: "Litakuja jina la Juma." Bango la mlangoni linasema kingine kabisa. Hapo ukaguzi umepoteza maana, kwani anayekuthibitishia jina ndiye huyohuyo anayelipwa, na tapeli angetamka maneno hayohayo bila kigugumizi. Skrini ingepaswa kuonyesha jina la biashara kama linavyosomeka dukani, pamoja na la mmiliki.

Njia ya kurudisha muamala nayo ni ya lazima. Kenya, mteja wa M-Pesa aliyekosea hutuma ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba pesa zirudishwe. Lakini mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha kunageuka usumbufu mrefu, kwa hiyo kazi kubwa lazima ifanyike kabla ya pesa kuondoka.

Kwa wanaotengeneza programu, kabla ya kuandika "Je, una uhakika?", jiulizeni mtumiaji anajua nini ambacho kompyuta haikijui, kisha kiwekeni hicho mbele ya macho yake. Na wewe unayetuma, lisome jina mpaka mwisho. Usipolitambua, ghairi, kughairi hakuna makato.