Bawabu wa Tovuti

Seva ya tovuti, mathalani Nginx aliyoitoa Igor Sysoev kwa umma mwaka 2004, hufanya kazi ya bawabu. Picha huzitoa yenyewe. Lakini ombi ambalo anwani yake huanza kwa /matokeo/ hulipeleka kwa seva ya programu, tuseme Tomcat, katika mlango nambari 8080, kisha humrudishia mwombaji jibu. Seva hiyo ikizimika, bawabu hujibu 502.

Wengi huusahau mlango wa nyuma. Mwaka 2020 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la ajabu, Ghostcat: aliyeufikia mlango 8009 wa Tomcat, ambao kwa kawaida uliachwa wazi, aliweza kusoma mafaili ya ndani, pengine yenye maneno ya siri. Ikiwa seva zote mbili zimo katika kompyuta moja, ile ya programu iamriwe kusikiliza 127.0.0.1 tu.