Kitambulisho cha Redio Hakishiki Dhamana

Wahenga walituachia usemi usiochakaa: mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo haukuwahusu wenye maduka peke yao. Unakihusu kila kiwanda, kila karakana, kila bandari na kila bohari ya Serikali ambamo vitu vya thamani huingia na kutoka kupitia mikono ya watu wengi. Leo tunapenda kuuzungumza usemi huo kuhusiana na chombo ambacho kimeenea sana viwandani duniani, nacho ni kitambulisho cha redio: kidude kidogo kinachofungwa juu ya mashine, mtungi, kontena au spana, ambacho kikiulizwa kwa mawimbi ya redio hujibu kwa kutaja nambari yake.

Wanaokinadi chombo hiki husema kwamba kitakomesha upotevu wa mali. Maofisa wenye madaraka ya kununua, na wananchi ambao fedha ni zao, wana haki ya kuuliza iwapo jambo hilo ni kweli. Sisi tunaona kwamba kitambulisho cha redio ni msaidizi hodari pale ambapo daftari lipo na mwenye dhamana anajulikana. Pale ambapo mambo hayo mawili hayapo, kitambulisho ni gharama mpya iliyobandikwa juu ya hasara ya zamani.

Yafaa kwanza tueleze namna kinavyofanya kazi. Ndani ya kitambulisho mna vitu viwili: kipande kidogo cha elektroniki kinachohifadhi nambari, na antena nyembamba ya kunasia mawimbi. Aina iliyo rahisi zaidi haina betri. Chombo cha kusomea, kikiwa kimefungwa mlangoni mwa ghala au kimeshikwa mkononi na mfanyakazi, hurusha mawimbi. Kitambulisho hupata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo, kisha huyarudisha yakiwa yamebeba nambari. Nambari hiyo hupelekwa kwenye kompyuta, nayo kompyuta hutafuta katika orodha yake ni kitu gani chenye nambari hiyo. Tofauti na ile mistari myeusi tunayoiona juu ya pakiti za bidhaa, hapa si lazima kitu kionekane kwa macho. Nguo mia moja zilizomo ndani ya boksi la karatasi zaweza kuhesabiwa kwa muda mfupi bila ya boksi kufunguliwa.

Lakini chombo hiki kina mipaka yake, na mipaka hiyo haitajwi mara nyingi. Vitambulisho vinavyotumia mawimbi marefu husomwa kwa karibu sana, pengine kwa sentimita chache tu. Vile vya mawimbi mafupi zaidi visivyo na betri husomwa kwa mita chache, na hali ikiwa nzuri hufikia mita kumi au karibu na hapo. Vyenye betri huweza kusikika kwa mita mia moja, lakini bei yake ni kubwa na betri hufa baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo kitambulisho cha kawaida si mlinzi anayemfuata mwizi mpaka nyumbani kwake. Kikishatoka mbele ya chombo cha kusomea, huwa kimya. Kinachojulikana ni mahali kilipoonekana mara ya mwisho na saa kilipoonekana, basi.

Fikra yenyewe si ngeni. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ndege za Uingereza zilifungwa chombo kilichoijibu rada, ili walioko chini watambue nani rafiki na nani adui. Mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman alichapisha makala iliyoeleza mawasiliano kwa nguvu ya mawimbi yaliyorudishwa. Mwaka 1973 Mario Cardullo na Charles Walton, kila mmoja kwa njia yake, walipata nchini Marekani hati za kulinda uvumbuzi wa vyombo vya namna hii. Kile cha Walton kilikuwa cha kufungulia mlango.

Tangu hapo kazi za chombo hiki zimekuwa nyingi. Katika karakana za ndege, vifaa vya mafundi hufungwa vitambulisho ili isibaki hata spana moja ndani ya injini. Katika viwanda vya kemikali, vali na mitungi ya kuzimia moto hufungwa vitambulisho ili mkaguzi ajue kila kimoja kilikaguliwa lini na lini kinapaswa kukaguliwa tena. Katika maeneo yenye gesi za kulipuka, chombo cha kusomea chenyewe sharti kiwe kimethibitishwa kwamba hakiwezi kutoa cheche. Kazi hizi ni njema, na nyingine huokoa maisha.

Tuitazame reli ya Marekani ya Kaskazini, maana ndani yake mna mafunzo mawili. Tangu mwaka 1967 kampuni za reli za huko zilijaribu kuyatambua mabehewa yao kwa mistari ya rangi iliyosomwa kwa mwanga kando ya njia. Vumbi na matope vikaifunika mistari, usomaji ukawa na makosa mengi, na kabla ya miaka ya 1970 kumalizika mpango huo ukaachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikarudi kwa njia ya redio, ambayo haijali vumbi, na mabehewa zaidi ya milioni moja yakafungwa vitambulisho, kimoja kila ubavu. Safari hiyo zilifanikiwa. Funzo la kwanza ni kwamba chombo kisichofaa mazingira yake hushindwa, hata kikiwa cha kisasa kiasi gani. Funzo la pili ni kubwa zaidi. Kila behewa lilikuwa na nambari, mwenyewe na hesabu ya malipo tangu zamani, kwa kuwa kampuni moja ikitumia behewa la nyingine hulilipia. Daftari lilitangulia, redio ikaja kulihudumia.

Sasa tuutazame upande wa pili. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1990 na 1991, jeshi la Marekani lilipeleka makontena yapata 40,000, na zaidi ya nusu yakabidi yafunguliwe ili kujua ndani mna nini. Vipuri vilivyokwisha kufika viliagizwa tena kwa sababu hapana aliyejua vilipo. Baada ya fedheha hiyo jeshi likanunua vitambulisho vyenye betri. Miaka kumi na miwili ikapita, ikaja vita ya Iraq ya mwaka 2003. Mwezi Desemba mwaka huo, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba kati ya mali iliyopelekwa kwa vikosi vya nchi kavu na mali iliyokiriwa kupokelewa palikuwa na tofauti ya dola bilioni 1.2. Miongoni mwa kasoro zilizotajwa ni kwamba vitambulisho havikutumiwa kwa utaratibu mmoja. Jeshi tajiri kuliko yote duniani lilikuwa na amri ya kuvitumia na fedha za kuvinunua. Lililokosekana ni utii wa kila siku kwa utaratibu, nao hauuzwi dukani.

Kwetu sisi watu wa visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Kila kipuri tunachokihitaji hutufikia kwa kuvuka bahari, na kila siku ya kukisubiri ina bei yake. Hapana aliyesahau jinsi Unguja ilivyokaa bila ya umeme wa gridi kwa muda wa mwezi mmoja hivi katika mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hatusemi kwamba mashaka yale yalitokana na vipuri kupotea ghalani. Tunasema kwamba yalitufundisha thamani ya kusubiri. Anayeishi kisiwani hana jirani wa kumkimbilia usiku kuazima pampu. Pampu ikiwamo boharini nasi hatujui rafu gani, tukaagiza nyingine ng'ambo, tutakuwa tumelipa mara mbili na kungoja bure.

Tena mazingira yetu yana masharti yake. Chuma hurudisha mawimbi na maji huyameza. Ghala lililojaa mabomba na mapipa si sawa na ghala la nguo. Vitambulisho vya kufungwa juu ya chuma vina umbo lake maalumu, navyo ni ghali zaidi. Hewa ya chumvi hula viungio vya antena. Aidha, masafa ya redio hayafanani duniani: kwa aina inayotumika zaidi maghalani, Ulaya hutumia kati ya megahezi 865 na 868, ilhali Marekani hutumia kati ya 902 na 928. Chombo kilichonunuliwa bila ya kuulizwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chaweza kufika kikiwa hakiruhusiwi kuwashwa.

Kwa hiyo tunawashauri maofisa wetu waulize maswali matatu kabla ya kutia saini mkataba wowote. La kwanza: orodha ya mali ipo, na mara ya mwisho ililinganishwa lini na vitu vyenyewe ghalani? Kompyuta iliyolishwa orodha ya uongo itausema uongo huo kwa haraka zaidi. La pili: kila kitu kina mtu mmoja mwenye dhamana, kwa jina na kwa saini? Kitambulisho kinaweza kusema kwamba jenereta ilipita mlangoni saa nane ya usiku. Hakiwezi kusema nani aliidhinisha. La tatu: fedha zimetengwa za kuutunza mfumo baada ya mafundi wa kigeni kuondoka, yaani betri, antena, na mafunzo kwa watunza bohari wetu?

Majibu ya maswali hayo yakiridhisha, tusirukie visiwa vizima kwa siku moja. Lichaguliwe bohari moja, vifungwe vile vitu ambavyo vikikosekana kazi husimama, na baada ya mwaka hesabu itangazwe: vingapi vilipotea kabla, vingapi sasa, na gharama ilikuwa kiasi gani. Yakiwa hayaridhishi, kazi ya kwanza si kununua, bali kufungua milango ya bohari, kuhesabu na kuandika. Kalamu na daftari havihitaji zabuni ya kimataifa.

Limebaki jambo la wafanyakazi. Chombo kinachofuatilia spana chaweza pia kumfuatilia mwenye kuishika, kikitiwa ndani ya kadi au kofia yake. Iko kazi ambayo hilo ni jema. Mwezi Januari mwaka 2006, wachimbaji kumi na wawili walikufa katika mgodi wa Sago, West Virginia, baada ya mlipuko. Mwaka huo huo Marekani ikapitisha sheria iliyotaka migodi ya makaa ya mawe iliyo chini ya ardhi iwe na njia ya kielektroniki ya kujua wafanyakazi wako wapi, ili waokozi wasitafute gizani. Lakini kujua mtu yuko wapi ili aokolewe ni jambo moja, na kumhesabia dakika za kwenda msalani ni jambo jingine. Wafanyakazi na vyama vyao waelezwe mapema kitu gani kinaandikwa, kwa ajili gani, nani anakisoma na kinafutwa lini. Mfanyakazi aliyefichwa jambo hilo atakichukia chombo, na kitambulisho kinachochukiwa hubanduka chenyewe.

Hatukiandami chombo hiki, wala hatutaki visiwa vyetu vibaki nyuma. Tunataka kila shilingi ya umma inunue kitu kitakachofanya kazi iliyokusudiwa. Redio itatwambia kitu kiko wapi. Nani amekishika, kwa idhini ya nani, na atakirudisha lini, hayo ni maswali ambayo mtu hujibiwa na mtu mwenzake, mbele ya daftari lililo wazi. Na wananchi nao wasisite kuomba kuonyeshwa daftari hilo, kwani mali iliyomo ni yao.